Chicago hadi Mackinac kwa tanga: je, mbio hizi zinafaa familia na mabaharia wa zamani?

Kwa maoni yetu, kati ya mbio ndefu za ziwani, hizi za Chicago hadi kisiwa cha Mackinac ndizo zinazostahili zaidi fedha na likizo ya kikosi chenye wazazi, watoto wao wakubwa na mabaharia wa zamani waliokwisha zoeana. Sharti ni moja: zamu zipangwe kabla tanga jipya halijanunuliwa. Mashua nyingi za familia zinazofika hoi, au zinazogeuza njiani, hazishindwi na mlingoti wala na upepo. Zinashindwa usiku wa pili, kwa kuwa usiku wa kwanza wote walikesha kwa furaha na hakuna aliyebaki na akili ya kushika usukani.

Mbio huandaliwa na Chicago Yacht Club kila Julai. Zilianza 1898 kwa mashua tano. Njia ni ya maili 333 za nchi kavu (289 za baharini), yaani kilomita 536 hivi: unaanzia majini karibu na Navy Pier, unapanda kaskazini karibu urefu wote wa Ziwa Michigan, unakata mashariki kwenye mlango wa maji wa Mackinac, unapita chini ya daraja na kumaliza kati ya kisiwa na mnara wa taa wa Round Island. Rekodi ya mashua za kawaida ni ya Pyewacket ya Roy Disney, saa 23 na dakika 30 mwaka 2002. Stars & Stripes ya Steve Fossett, yenye viwiliwili viwili sambamba, ilitumia saa 18 na dakika 50 mwaka 1998. Familia isijipimie kwa hizo. Mashua ya mita 10 hadi 13 ipangie saa 45 hadi 60, na chakula kitoshe saa 80.

Unachopata kwa ada yako ni mpangilio uliokomaa. Unaomba mwaliko, unajaza sifa za mashua na za mabaharia, unapimiwa mashua ili ishindane kwa haki na za ukubwa mwingine, na vifaa vya usalama vinadaiwa kwa orodha ndefu. Orodha hiyo huwachosha wengi, lakini ndiyo sehemu ya huduma tunayoithamini kuliko zote, maana inamlazimisha nahodha kufungua makabati ambayo hayajafunguliwa mwaka mzima. Kila mashua hubeba kifaa cha YB Tracking, hivyo bibi aliyebaki nyumbani anaiona kwenye simu. Mwambieni mapema kwamba alama ikisimama sehemu moja muda mrefu, mara nyingi ni shwari tu.

Kundi la matembezi huanza Ijumaa na makundi ya mashindano Jumamosi. Familia inayokwenda mara ya kwanza ichague Ijumaa. Msongamano wa kuanzia ni mdogo, na vijana hujifunza mashua bila kuzingirwa na nahodha wenye haraka. Aliyekwisha kwenda mara 25 huingizwa katika chama cha Mbuzi wa Kisiwani, na heshima ya jina hilo ni kubwa kweli. Kwenye gati si ajabu kukuta babu, binti na mjukuu katika mashua moja.

Sasa zamu. Kwa watu tisa, mpango tunaoupendekeza ni huu. Nahodha hana zamu. Analala kwa vipande na anaitwa anapohitajika. Wanane waliobaki wanafanya jozi nne. Kila jozi inakaa juu saa nne na kulala saa nne, lakini hazipandi pamoja: kila baada ya saa mbili moja inashuka na nyingine inapanda. Jozi ya kwanza inashika saa mbili usiku hadi saa sita, ya pili saa nne hadi saa nane, ya tatu saa sita hadi saa kumi alfajiri, ya nne saa nane hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha mzunguko unaendelea. Faida yake ni kwamba wakati wote wapo wanne juu, na wawili kati yao wameshakaa saa mbili wakiyasoma mawimbi na kuhesabu taa za meli. Wanne wakibadilishana kwa mpigo mmoja, mashua hupoteza mwendo kila zamu, kwa sababu macho mapya hayajazoea giza na mikono haijaujua usukani.

Jozi iwe na baharia wa zamani mmoja na kijana mmoja, na kijana huyo asiwe mtoto wake. Mzazi aliye na mwanawe gizani macho yake yako kwa mtoto, si kwenye tanga. Kijana naye humwuliza mjomba swali ambalo angeona haya kumwuliza baba. Baba na mama wawekwe jozi tofauti, ili mmoja awe amelala vizuri mwenzake akichoka. Zamu zianze saa mbili tu baada ya mashua kuanza mbio, hata kama jua linawaka na kila mtu anataka kubaki juu kutazama. Aliyepangiwa kulala ashuke, ajinyooshe, afumbe macho. Nahodha asipokuwa mkali hapa, atalipa usiku wa pili.

Mabaharia wa zamani wana jambo lao. Kila mmoja hurudi mashuani akiamini nafasi yake ya miaka ishirini iliyopita inamsubiri. Aliyefanya kazi omo akiwa na miaka 28 asirudishwe omo akiwa na 60 kwa heshima tu. Magoti hayaongopi kwenye sitaha iliyolowa. Mpeni usukani wa usiku, au kamba ya spinaka (tanga kubwa jepesi la mbele, la upepo wa nyuma), kazi zinazotaka mkono uliokomaa. Andikeni dawa za kila mtu, vipimo vyake na mfuko zilimo, na miwani ya akiba iwepo. Dawa ya kichefuchefu ianze jioni ya kabla ya safari, na iwe imeshajaribiwa, kwa sababu nyingine humlaza mtu usingizi mzito. Kabla ya Julai fanyeni walau usiku mmoja mzima majini na watu walewale, mkipandisha na kushusha spinaka gizani na kumwokoa mtu wa kuigiza kwa boya lililotupwa.

Tukija kwenye mashua, upepo unaotawala majira hayo ni wa kusini-magharibi, hivyo spinaka hubeba sehemu kubwa ya safari. Zinatosha mbili: nyepesi ya upepo mdogo na nzito ya upepo mkali. Kinachoharibika kwanza ni henza ya spinaka, kamba inayoipandisha. Inakaa palepale kwenye kapi ya juu ya mlingoti kwa saa nyingi na kukatika taratibu bila kuonekana kutoka chini. Kila mabadiliko ya zamu ilegezwe au ivutwe kama kiganja kimoja, ili sehemu inayosuguka ibadilike. Pingu za kamba zifungwe tepu, maana zikipigwapiga na tanga hufunguka zenyewe. Mkienda na upepo nyuma, boriti ya tanga kuu ifungwe kwa kamba inayoelekea omo, isije ikavuka ghafla na kumpiga mtu kichwani. Ajali hii hutokea zaidi kwa mshika usukani aliyechoka, mawimbi yakija kwa mshazari. Umeme nao uhesabiwe: taa, redio, dira za kielektroniki na simu za watu tisa humaliza betri kabla ya alfajiri. Injini iwashwe kwa ajili ya kuchaji tu, rafadha ikiwa haijaingizwa gia, na saa ziandikwe kwenye daftari la mashua.

Ziwa lenyewe halilingani na bahari. Lina urefu wa kilomita 494 na kina kinachofika mita 281, halina maji kupwa na kujaa ya kusumbua, lakini mawimbi yake ni mafupi na wima. Upepo wa kaskazini wa kilomita 37 kwa saa ukivuma saa kadhaa huinua mawimbi ya mita moja na nusu hadi mbili, yanayofuatana kila sekunde tano hivi. Aliyevuka Ziwa Victoria kwenda Ukerewe au Bukoba siku ya upepo mkali anayafahamu mawimbi ya namna hii: mashua haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Ukibisha, yaani ukienda dhidi ya upepo, katika hali hiyo, punguza tanga mapema na uiache mashua iwe na mwendo. Kuibana sana kwenye upepo huisimamisha kila inapogonga wimbi.

Shida ya pili huwashangaza hata waliozaliwa baharini. Julai maji ya kaskazini ni baridi kuliko hewa. Hewa inayogusa maji hupoa, huwa nzito na kulala palepale, na upepo hupita juu yake. Kipimo cha kileleni mwa mlingoti kinaonyesha kilomita 18 kwa saa, huku sehemu ya chini ya tanga haina kitu, na mara nyingi upepo wa juu unatoka upande tofauti kidogo. Mtu asiyejua hukaza kamba na mashua hufa. Legezeni ili sehemu ya juu ya tanga ijifungue, hamishieni uzito upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, ili mashua iiname na tanga lishike umbo lake, na usukani usogezwe kwa vidole. Hali hiyohiyo huleta ukungu. Meli za mizigo za maziwa haya zina urefu unaofika mita 300 na ushei, na hazina pa kukwepea. Kifaa cha AIS, kinachotuma mahali mlipo na kupokea mahali zilipo meli nyingine, kiwe kimewashwa, na mmoja wa walio juu asikilize tu, asiwe na kazi nyingine.

Tufani za jioni hutokea magharibi, upande wa Wisconsin, na huvuka ziwa usiku. Mwaka 2011 moja iliwakuta washindani kaskazini mwa ziwa ikiwa na upepo uliozidi kilomita 90 kwa saa. Mashua iliyoitwa WingNuts, nyepesi na yenye mabawa mapana pembeni, ilipinduka na mabaharia wawili wakafariki. Uchunguzi wa US Sailing, shirikisho la mchezo wa matanga la Marekani, ulionyesha kwamba mashua ya umbo lile haikuwa na uwezo wa kutosha wa kujiinua. Funzo kwa familia ni kuangalia kipimo cha uthabiti cha mashua kabla ya kuikodi. Bei na mwonekano vifuate baadaye.

Radi ikionekana magharibi, msisubiri upepo. Wote wavae majaketi okozi na kujifunga. Spinaka ishuke na kuingizwa ndani kabisa. Ikiachwa sitahani itajaa upepo tena yenyewe. Tanga kuu lipunguzwe mara mbili, au lishushwe lote na kufungwa barabara. Mbao za mlango wa chini ziwekwe. Andikeni mahali mlipo na mwelekeo unaowatoa mbali na ufukwe. Kagueni kama kuna kamba inayoning'inia majini, ndipo injini iwe tayari, kwa sababu kamba ikijizungusha kwenye rafadha mtakosa injini wakati mnaihitaji kuliko saa yoyote. Mpigo wa kwanza wa upepo aghalabu hugeuka kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-magharibi. Mshika usukani aujue kabla haujafika. Utabiri wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, husikika kwenye redio ya VHF, na maboya ya hali ya hewa nambari 45007 kusini na 45002 kaskazini hutoa upepo, mawimbi na joto la maji. Katikati ya ziwa mtandao wa simu hupotea, kwa hiyo picha ya rada ichukuliwe ungali karibu na pwani.

Kwenye jaketi okozi msibane matumizi. Mwaka 2018 baharia alianguka majini karibu na Chicago, mbio zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, akafariki. Wenzake walieleza kwamba jaketi lake halikujaa hewa. Kwa hiyo kila jaketi la kujaza hewa likaguliwe nyumbani wiki mbili kabla. Fungua, soma tarehe ya mwisho ya kifyatulio. Fungua mtungi wa gesi na uupime kwa mizani ya jikoni. Uzito uliochapwa ubavuni ndio unaotakiwa, na majaketi mengi ya watu wazima hutumia mtungi wenye gramu 33 za gesi. Uurudishe hadi ukaze, maana mtungi uliolegea ni kosa la kawaida mno. Lijaze kwa mdomo, liache siku nzima, na likilegea usilibebe. Mkanda wa kupita katikati ya miguu ufungwe kweli. Bila huo jaketi hupanda usoni na mtu huzama ndani yake. Kamba ya kujifungia iwe na kifungo cha kifuani kinachofunguka hata kikiwa kimevutwa, na kisu kiwe kifuani, si mfukoni. Upepo wa kaskazini unaposukuma maji ya juu mbali na pwani ya Michigan, maji ya chini hupanda, na joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10 hata Julai. Anayeanguka humo ana dakika moja ya kutuliza pumzi, kama dakika kumi za mikono kufanya kazi, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu. Vijana wafundishwe namba hizo kama wanavyofundishwa jina la mashua.

Nzi. Si mzaha: kusini na katikati ya ziwa, upepo wa nchi kavu huleta nzi wanaouma, wanaofanana na nzi wa nyumbani, na hupenda vifundo vya miguu. Dawa za kupaka za mbu huwazuia kidogo tu. Soksi ndefu nene, suruali iliyobana chini na vipigio viwili vya nzi ndivyo vinavyosaidia. Familia isiyobeba soksi hugombana.

Usiku wa kaskazini ni baridi ya kweli, hasa pakiwa na umande. Kofia ya sufu, glavu, nguo za mvua za suruali na koti, na mfuko wa kulalia mmoja kwa kila watu wawili, kwa kuwa watu hulala kwa kupokezana. Maji hesabuni lita tatu kwa mtu kwa siku. Watu tisa kwa siku tatu na nusu ni lita 95 hivi, na zigawanywe kwenye madumu madogo yanayowekwa chini katikati, si omo. Chakula cha moto kiwe kile cha kupasha tu. Pilau au maharage yaliyogandishwa hutumika kama barafu na kisha huliwa, chapati zilizokunjwa hukaa vizuri siku mbili, na chupa za chai mbili zijazwe kabla ya giza ili asiwepo anayewasha jiko mashua ikiwa inayumba.

Sehemu inayoamua matokeo ni ya mwisho. Kutoka pembe ya Point Betsie mashua nyingi hupita kati ya visiwa vya Manitou na nchi kavu, kisha huelekea mfereji wa Grays Reef, ambako miamba iko karibu na meli za mizigo hupita njia hiyohiyo. Ufikeni mkiwa macho: jozi mbili bora ziwe juu, ramani iwe imeshasomwa, maboya yahesabiwe kwa sauti. Baada ya hapo mwelekeo unageuka mashariki, spinaka inahitaji kupangwa upya, na mikono imechoka. Kwenye mlango wa maji kuna mkondo unaobadili mwelekeo kila baada ya siku chache, mara mashariki, mara magharibi. Upepo ukifa usiku karibu na daraja na mkondo ukiwa dhidi yenu, nanga nyepesi yenye kamba ndefu huokoa nafasi ambazo wengine wanazipoteza kwa kurudi nyuma wakiwa wamelala. Nanga hiyo iwe imefungwa tayari sitahani, si chini ya mifuko ya matanga.

Kisiwani magari yamepigwa marufuku tangu 1898. Usafiri ni farasi, baiskeli na miguu. Ukarimu ni mkubwa na watoto hufurahi mno. Bandari ni ndogo, mashua hufungwa ubavu kwa ubavu, na anayefika wa mwisho hutembea juu ya sitaha za wengine akiwa na mizigo; viatu laini na sauti ya chini ndiyo adabu inayotakiwa. Vyumba viwekwe miezi kabla. Saa ya kisiwa iko mbele ya Chicago kwa saa moja, jambo linalowakosesha watu feri ya kwenda Mackinaw City.

Udhaifu mkubwa wa mbio hizi, na hauko mikononi mwa waandaaji, ni kurudi. Mashua lazima irudishwe, na upepo uleule wa kusini-magharibi uliowasukuma sasa uko usoni. Kwa injini, kwa mwendo wa maili sita za baharini kwa saa, ni karibu saa 48 bila kusimama. Injini inayokunywa lita tatu kwa saa itahitaji lita 145 za dizeli, na tangi la mashua ya ukubwa huu kwa kawaida halifiki hapo, hivyo mtajaza njiani, Charlevoix au Frankfort. Watu watatu au wanne waje kisiwani kwa barabara na feri, wakiwa wamelala, waichukue mashua. Waliokimbia mbio warudi kwa gari lilelile. Majina ya wanaorudisha yaandikwe siku mnayoomba mwaliko, na ada ya gati kisiwani iingizwe kwenye bajeti pamoja na dizeli.

Familia ambayo vijana wake hawajawahi kukesha hata usiku mmoja majini, tungeishauri ianze na Bayview Mackinac, inayotoka Port Huron kupitia Ziwa Huron na kuishia kisiwa hichohicho. Ina njia mbili. Ya pwani ni maili 204 za baharini dhidi ya 289 za Chicago, na tofauti hiyo kwa mashua ya familia inaweza kuwa usiku mmoja mzima.